Mishale ya Sungura

Paukwa! Pakawa.

Palikuwa na kijiji cha wanyama kilichopenda maelezo kuliko chakula. Jambo likitokea usiku, kabla ya jua kuchomoza limeshapata wasemaji watatu, na ikifika adhuhuri limeundiwa kamati. Mvua ikikosekana, yupo aliyejua sababu. Ikinyesha, aliyejua sababu ni yule yule.

Bondeni palikuwa na vibanda 100 vilivyopangwa safu, kila kimoja na Ngiri wake. Ujenzi wake haukufanana na wa kwingine: shina moja katikati, na nguzo tatu zimechomekwa humo, zote zimelalia upande mmoja kama mbavu za mwavuli. Ngiri hukaa upande wa pili, amelikumbatia shina, na nafasi ya mwenzake hakuna. Jumbe Tembo alikuwa ameamuru nguzo zote zilalie magharibi, maana hakupenda kijiji kinachoelekea ovyo ovyo. Huko vichakani waliranda Ngiri wengine wasio na makazi, usiku kucha, wakipiga chafya.

Asubuhi moja vibanda kadhaa vilikutwa vimegeuka. Nguzo zinalalia mashariki, mwavuli umepinduka kama wa mtu aliyekutana na kusi kwenye gati. Ndani Ngiri yumo, anakoroma. Alipoamshwa na kuulizwa akasema, "Mimi nimo humu tangu zamani." Shida ni kwamba Ngiri wote husema hivyo, na Ngiri wote wana sura moja.

Mbiu ikapigwa, baraza likakaa chini ya mbuyu.

"Ndugu wajumbe," alianza Sungura, "jambo lenyewe jepesi." Akaokota kijiti, akachora mchangani mshale uliopinda vizuri, unaotoka kibandani kwenda vichakani. "Wa ndani alichoka, akatoka." Mshale wa pili ukatoka vichakani kwenda kibandani. "Wa nje akaona pako wazi, akaingia."

"Na nguzo?" aliuliza Bi Kanga kutoka nyuma, alikokuwa akichambua choroko.

Sungura hakuinua hata uso. Akachora mshale wa tatu. "Upepo."

Baraza likapiga makofi. Ilikuwa kweli mishale ya kupendeza, na hata mimi ningepiga.

Hapo Kasuku akashindwa kujizuia. Huyu ndege aliwahi kuishi miaka mingi kwenye baraza ya mwalimu mmoja wa kemia, huko mjini Tanga, akisikia masomo ya jioni ya wanafunzi wa kidato cha sita, kabla hajapata upenyo wa kutoroka. Aliondoka na kila kitu isipokuwa maana. "Robinson! 1922! Mshale uliopinda!" alipiga kelele. Kijiji kilimheshimu sana.

Na safari hii alikuwa sahihi, kama anavyokuwa mara nyingi bila kujua. Ni mwaka 1922 ambapo Robert Robinson na mwenzake Kermack walianza kuchora mishale iliyopinda kuonyesha elektroni zinatoka wapi na zinakwenda wapi molekuli zinapobadilishana vipande. Sharti la mshale huo ni moja, na ndilo linalowaangusha wanafunzi wengi: unaanzia penye wingi wa elektroni na kuishia penye upungufu. Hauanzii kwenye njaa ukielekea kwenye chakula. Unaanzia kwenye chakula.

Sungura alipolitangaza sharti hilo barazani, Fisi alicheka mpaka akakaa chini. "Mzee, mimi nimezaliwa hapa hapa. Ni lini hapa kitu kimetoka kwa mwenye nacho kwenda kwa asiye nacho?"

"Ndiyo maana hujui kemia," akajibu Sungura.

Mshale wenyewe hauna kosa. Ni lugha nzuri, na lugha nzuri husema uongo kwa ufasaha ule ule unaosemea kweli. Sungura alikuwa na mishale mitatu. Angeulizwa swali la nne angechora wa nne.

Kobe alikuwa amekaa pembeni siku nzima. Jua lilipoanza kuinama akaomba ruhusa ya kusema.

"Shikamoo Jumbe. Huko vichakani, Ngiri wako wangapi?"

Vicheko. Watu wanazungumzia vibanda, mzee anauliza habari za vichaka.

"Nauliza kwa sababu," alisema Kobe, "kama wa ndani anatoka mwenyewe kwa uchovu wake, uchovu huo haujui nje kuna wangapi. Wawe kumi, wawe mia, atachoka vile vile. Lakini kama anatoka kwa kusukumwa, basi wasukumaji wakiongezeka na kutoka kutaongezeka. Nipeni hina, nipeni mahindi ya kuhesabia, mnipe na usiku mbili."

Jumbe akaona heri kumpa, kuliko kumsikiliza zaidi.

Bi Kanga akatwanga hina. Ngiri wote wa vichakani, 20 kwa idadi, wakapakwa kwato zote nne, kwa vurugu ambayo sitaisimulia. Nguzo za vibanda vyote zikarudishwa magharibi. Asubuhi Kobe akapita kibanda kwa kibanda akiangalia kwato, na kila alipokuta nyekundu akadondosha punje moja ya mahindi kwenye kata. Punje 10. Usiku wa pili nguzo zikarudishwa tena, hina ya zamani ikasuguliwa, na Kobe akaazima Ngiri kutoka kijiji cha jirani ili vichakani wawe 40. Asubuhi, punje 20.

"Basi hakuchoka," alisema Kobe. Akaufuta mshale wa kwanza wa Sungura kwa tumbo lake, kwa sababu ndiyo njia aliyokuwa akipita.

Angeishia hapo angeweza kusamehewa. Lakini kulikuwa na bendera.

Bendera ya Jumbe ilisimama mlimani, juu ya bonde, na upepo uliopita kwenye vibanda ndio ulioipinda. Kila kibanda chenye nguzo za magharibi kiliipinda nukta moja kulia; kila chenye nguzo za mashariki kiliirudisha nukta moja kushoto. Vibanda vyote 100 vikiwa sawasawa, bendera ilisoma 100, na Jumbe hulala usingizi. Mtunza bendera alikuwa Nyumbu, mnyama asiyeona vibanda kabisa kwa jinsi vilivyo mbali. Kazi yake ni kusoma nukta na kuandika.

Asubuhi ile ya punje 10, Nyumbu alikuwa ameandika 80.

Sungura aliipata karatasi hiyo siku ya tatu, na hakuwa mtu wa kuacha bahati ipite. "Ndugu wajumbe! Mzee wetu anatuambia wameingia 10. Bendera inasema zimepotea 20! Kumi nyingine ziko wapi? Nani kala?"

Ikawa kelele. Kuna waliotaka kata ya mahindi ipekuliwe. Fisi, ambaye kila upotevu humsisimua, alianza kunusa gamba la Kobe. Kobe mwenyewe alinyamaza. Kwa kweli hesabu ile ilikuwa imemshtua hata yeye, na mwenye gamba akishtuka huingia ndani kwanza.

Bi Kanga ndiye aliyesimama. Akamwaga choroko zake chini mafungu mawili.

"Jumbe, mwaka ule wa uchaguzi, upande wako ulikuwa na wajumbe wangapi?"

"Sita. Wale wengine wanne."

"Na Fisi alipohama kwenda kwao?"

Jumbe akakunja uso. "Tukawa watano kwa watano."

"Kahama mmoja. Tofauti yenu ilikuwa mbili, ikawa sifuri." Akahamisha choroko moja kutoka fungu hili kwenda lile, polepole, ili hata Nyumbu aone. "Anayehama huku hakupunguzii mmoja. Anakupunguzia wewe mmoja na anamwongezea mwenzio mmoja. Kibanda kikigeuka, bendera inapoteza wa kulia inampata wa kushoto. Vikigeuka 10, vinabaki 90 kulia, 10 kushoto. Tisini toa kumi?"

"Themanini," alisema Nyumbu, akatazama karatasi yake kwa mshangao wa mtu aliyegundua kwamba kazi yake ina maana.

Kobe akatoa kichwa nje. Sasa aliona kitu ambacho hakukitafuta. Kama nusu ya walioingia wangeingia bila kugeuza nguzo, bendera ingesoma 90. Kama wote wangeingia bila kugeuza, ingebaki 100. Imesoma 80. Maana yake kila aliyeingia, hata mmoja asibaki, aligeuza. Hapakuwa na upepo uliobahatisha vibanda hivi ukaacha vile. Kugeuka kwa nguzo ndiko kuingia kwenyewe: wa nje alikuja kwa nyuma, upande wa nguzo, akajipenyeza katikati yake na kulisukuma shina, wa mbele akaachia wakati ule ule, na nguzo tatu zikapinduka kama mwavuli.

"Hughes!" alipiga kelele Kasuku. "Ingold! London! 1935! Asetoni!"

Mpeni ndege haki yake. Edward Hughes na wenzake walifanya hasa hivi, katika chuo cha University College London, alikokuwa Christopher Ingold. Walichukua 2-iodooktani, kimiminika ambacho molekuli zake zote zimeelekea upande mmoja na hivyo kuupinda mwanga, kama vibanda vyetu vinavyoupinda upepo, wakakiyeyusha kwenye asetoni pamoja na chumvi ya iodini yenye mionzi. Iodini ya nje ikawa inamtoa mwenzake wa ndani, Ngiri kwa Ngiri, sura moja. Bila mionzi usingejua wameingia wangapi. Na hina yao haikuwa ya kusubiri: iodini ile ilipoteza nusu ya mionzi yake kila dakika 25 hivi, kwa hiyo ilikuwa kazi ya mbio. Walipima mambo mawili, kasi ya mionzi kuingia kwenye molekuli na kasi ya mwanga kuacha kupinda. Ya pili ilikuwa mara mbili ya ya kwanza. Choroko za Bi Kanga.

Fumbo lenyewe lilikuwa limelala mezani tangu 1896, Paul Walden alipobadilisha kipande cha asidi inayopatikana kwenye matofaa, huko Riga, kisha akakirudisha, na kukuta asidi ile ile ikipinda mwanga upande wa kinyume. Miaka 39. Hapo katikati walichora Sungura wengi.

Turudi bondeni. Kobe sasa alikuwa na ujasiri, na ujasiri wa mpole huchosha kuliko wa mjeuri. Akapanda mlimani, kwenye vibanda vya nguzo nene kama magogo ya mvule, ambavyo panya asingepenya kwa nyuma. Akafanya yale yale: hina, mahindi, Ngiri 20, Ngiri 40. Punje zikatoka sawa usiku zote mbili. Huku, wa ndani hutoka kwa wakati wake, nje wawe wangapi. Kibanda hubaki kitupu, nguzo zimetandazika, na anayekuja huingia upande wowote anaoukuta.

"Kwa hiyo Sungura alikuwa sahihi?" aliuliza Jumbe.

"Huku, ndiyo. Kule, hapana."

"Kijiji ni kimoja."

"Nguzo si moja, Jumbe."

Jumbe Tembo akavuta pumzi ndefu kupitia mkonga. Kiongozi anaweza kustahimili kosa. Kitu asichostahimili ni jibu linaloanza na "inategemea". Akauliza swali alilokuwa amelihifadhi siku zote hizo: "Mzee Kobe, wewe umewaona kwa macho yako wakibadilishana?"

"Sijaona."

"Basi hujui kilichotokea."

"Sijui, Jumbe. Najua matatu ambayo hayakutokea bondeni. Wa ndani hakutangulia kutoka. Wa nje hakuingia kwa mbele. Wala hawakuingia popote tu kwa kubahatisha. Limebaki moja, nami nalishika mpaka atakayelivunja aje."

Kulikuwa na kimya. Matatu ambayo hayakutokea! Nani ataandika hayo kwenye ubao wa kijiji?

Jumbe akaamuru lindo. Bundi akakaa mbele ya kibanda kimoja tangu magharibi mpaka alfajiri, macho wazi. Ripoti yake ilikuwa fupi: kabla ya kupepesa, Ngiri huyu, baada ya kupepesa, Ngiri yule.

"Zewail! Misri! 1999!" alisema Kasuku, na kila mtu akaitikia kwa heshima, bila kujua wanaitikia nini.

Ahmed Zewail, mzaliwa wa Misri, alipewa Nobeli ya kemia mwaka huo kwa kuwa na kope zenye kasi kuliko za Bundi. Alitumia mimweko ya leza ya femtosekunde: ikate sekunde mara milioni, kila kipande mara milioni tena, halafu kila kipande mara elfu, ndiyo femtosekunde. Kwa mimweko hiyo alitazama molekuli ndogo ya gesi ikivunjika katikati, shughuli iliyochukua takriban femtosekunde 200. Lakini ile ilikuwa gesi tulivu na molekuli ya atomi tatu. Kwenye chupa iliyojaa kiyeyushi, mkemia wa kila siku bado anarudi kwa Kobe: anahesabu, anapaka hina, anasoma bendera.

Ubishi nao haukwisha, maana ubishi ukishapata wenyewe hauhitaji tena sababu. Mlimani kulikuwa na kibanda kimoja cha mashina mawili, blanketi moja. Nyati mzee alisema blanketi limetandwa juu ya mashina yote mawili kwa pamoja. Nyati mwenzake akasema hapana, linanyang'anywa huku na huku kwa kasi kiasi kwamba mjinga hudhani limetandwa. Walipigana pembe kuanzia masika hadi vuli, wakapata wafuasi, wafuasi wakapata wanafunzi. Msidhani natia chumvi. Saul Winstein na Herbert Brown, wote wa Marekani, walishindania molekuli moja ya namna hiyo, Winstein akishika upande wa blanketi lililotandwa tangu 1949. Picha ya fuwele yake, iliyopatikana kwenye baridi kali mno, ilitoka 2013 na kumpa Winstein haki. Winstein alikuwa ameshakufa tangu 1969. Brown naye alikuwa amekufa tangu 2004, akiwa bado anabisha.

Tuzo ya kijiji ilitolewa wakati wa mavuno. Ilikwenda kwa Sungura, "kwa mchango wake katika michoro". Nadhani hata Kobe hakushangaa. Mishale huonekana kutoka mbali, na hina huchafua.

Kisha shule ikaanzishwa. Sungura alikuwa mwerevu wa kutosha kurekebisha mishale yake kufuata punje za Kobe: mmoja unaoingia kwa nyuma, mmoja unaotoka kwa mbele, nguzo zimepinduliwa. Ilikuwa sahihi sasa, na ilifundishwa bila kutaja hina, wala bendera, wala choroko. Watoto wa Kima waliikariri kwa siku moja. Mtihani wa kwanza uliuliza: "Ngiri wa nje amemtoa wa ndani. Chora." Mmoja alianzisha mshale kwenye njaa, akapata sifuri, stahili yake. Arobaini walichora kama ubaoni, wakapata zote. Mtoto wa Nguchiro, ambaye huulizauliza mpaka nyumbani wanamfukuza mezani, aliandika: "Bondeni au mlimani? Naomba Ngiri waongezwe mara mbili, kisha nitajibu." Akapewa mkwaju wa alama ya kukosea, kutoka kona ya karatasi hadi kona.

Alikwenda nayo kwa Bi Kanga.

Bi Kanga aliisoma, akaikunja, akamwambia akalete majani ya mhina. Kando ya mto kulikuwa na vibanda ambavyo hakuna aliyewahi kuvipima, vyenye nguzo moja ndefu iliyopinda na kurudi nyuma ya shina kama mkia. Usiku ule waliwapaka kwato Ngiri wa mtoni, yeye na mtoto, na Kobe akafika kulipokuwa kunapambazuka, kwa kuwa alianza safari jana yake mchana.

Kibanda cha kwanza: Ngiri anakoroma, kwato nyekundu. Aliingia usiku, hilo halina ubishi. Kobe akadondosha punje. Kisha akainua shingo kuangalia nguzo.

Zilikuwa zimelalia magharibi, kama zilivyoachwa jioni.

Akazunguka kibanda mara moja, jambo lililochukua muda. Akazunguka tena. Huko ng'ambo, kwenye mchanga wa shule, watoto wa Kima walikuwa wameshaanza kuchora mshale mpya.

"Hajageuza," alinong'ona mtoto wa Nguchiro.

"Au zimegeuzwa mara mbili," alisema Kobe. "Kwanza na ule mkia, halafu na huyu."

Bi Kanga alikuwa ameinama mtoni akinawa, maji yakishuka rangi ya matofali. "Hina imekwisha," alisema. "Nitwange nyingine?"

"Twanga," alisema Kobe. "Na mwambie Nyumbu ahamishie bendera huku."